Ugonjwa wa SS: seli shina ziko ndani ya familia, hospitali iko ng'ambo ya ziwa

Mzazi wa Kalemie mwenye mtoto wa SS anajua mzunguko wenyewe: maumivu ya mifupa usiku, damu kupungua, kutafuta mtu wa kutoa damu, kisha kurudi nyumbani kungoja mara nyingine. Dawa ya hidroksiurea inasaidia. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2018, uliofuata watoto wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, malaria na hata vifo. Ila haiondoi ugonjwa. Ili kuuondoa, mbali na matibabu ya jeni ambayo bei yake haisemeki, inabidi kubadilisha seli shina zinazotengeneza damu.

Zinapatikana wapi? Kwanza katika uloto, kile kitu laini kilicho ndani ya mifupa. Daktari anauvuta kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelazwa usingizi, na mwili wake unatengeneza mwingine ndani ya wiki chache. Njia nyingine: mtoaji anachomwa dawa siku nne au tano, seli zinatoka mifupani, mashine inazichuja kwenye damu yake. Ugumu ni kulingana. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Hapo familia yenye watoto saba, ambayo wengine wanaicheka, ina utajiri wake. Ndugu mwenye AS anaweza kutoa, mwenye SS hapana.

Chanzo kingine kinatupwa kila siku katika nyumba za uzazi: damu ya kitovu. Mwaka 1988, mjini Paris, iliponyesha mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi. Lakini inahifadhiwa kwenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, na Kalemie inajua umeme wa Bendera unavyokatika.

Seli shina za mafuta ya mwili na za meno ya utoto ni rahisi kuchukua, ila zinaelekea mifupa na gegedu, hazitengenezi damu. Na vile vidonge "vya seli shina" vinavyouzwa kwa mikono? Hakuna seli hai inayopita tumboni na kwenda kukaa mfupani. Heri pesa hiyo inunue hidroksiurea.

Hospitali iliyo karibu zaidi kuliko Ulaya au India ni Benjamin Mkapa ya Dodoma, Tanzania. Tangu 2023 inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, jina la SS huko. Toka Kalemie ni kuvuka ziwa hadi Kigoma, kisha reli ya Tabora. Mtoto anapewa kwanza dawa kali za kuua uloto wa zamani, na kwa wiki kadhaa anakaa chumba cha peke yake, kwa sababu homa ndogo inaweza kumuua. Wala hasafiri na mama tu: ndugu aliyelingana naye lazima awe humo chomboni.