Shingo ya Baiskeli na Uma wa Kuazima

Mwenye baiskeli kongwe ya Raleigh, ambaye uma wake umepinda kwa kutumbukia shimoni usiku, aghalabu hana budi kutafuta uma mwingine katika marundo ya vyuma vilivyokwisha kutumika, na katika miji yetu ya pwani uma wa kwanza kumjia mkononi huwa umetoka katika baiskeli za mitumba za Kijapani, zile zenye kapu mbele. Akiupima kwa macho atauona ni ndugu wa ule uliopinda: unene wa shingo ni inchi moja kwa inchi moja, na kama Raleigh yake ni ya gurudumu la inchi 26 kwa 1⅜, hata rimu ya Kijapani ni ya kipimo kile kile. Atalipa, atakwenda zake kwa furaha, na hatajua kuwa amenunua ugomvi mpaka fundi atakapojaribu kufunga nati ya juu.

Shingo ya baiskeli ni mahali pasipotazamwa. Pale uma unapopita ndani ya kichwa cha fremu pana beringi mbili, moja juu na moja chini, na kila moja ina njia mbili za chuma kigumu zinazobana gololi ndogo, aghalabu za inchi 5/32, ambayo ni karibu milimita 4. Katika fremu hupigwa vikombe viwili visivyoondoka. Juu ya mabega ya uma huketi pete ya chini, iliyobana hata haiwezi kuzunguka. Na juu kabisa huja kipande chenye hesi, yaani mifuo izungukayo kama ya skrubu, kisha washa, kisha nati ya kukaza. Uzito wa mpanda, na kila pigo la jiwe na kila mshtuko wa breki, hupita katika vipande hivi, ambavyo vyote kwa jumla vyaweza kuenea katika kiganja cha mtoto.

Chanzo cha ugomvi ni cha zamani. Zama za baiskeli kuenea duniani, watengenezaji walikuwa kama masultani wa miji ya kale, kila mmoja na pishi yake na dhiraa yake. Kipimo kilichoenea, na ambacho Wajapani nao wanakifuata, ni hesi 24 katika kila inchi ya shingo. Walakini Raleigh wa Nottingham walikata zao 26, jambo lililowafunga wateja wao katika vipuri vya nyumba ile ile. Wafaransa walifanya shingo ya milimita 25 kamili badala ya 25.4, na Waitaliani, ingawa nao walikata 24, walichonga meno kwa pembe ya digrii 55 pale wengine walipochonga kwa 60. Tafauti kati ya hesi 24 na 26 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kila jino, na hapo ndipo penye hila yake, maana nati ya Raleigh huingia katika uma wa Kijapani mizunguko miwili mitatu kwa ulaini wa kupendeza, kisha hugoma.

Nilikuwa nimeketi kwa fundi mmoja mtu mzima mjini Tanga siku alipokuja kijana na shauri hili hili, uma begani na nati imekwama nusu ya safari.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Nani aliyeilazimisha nati hii?”

“Mimi, babu. Nilidhani ni kutu.”

Mzee aliirudisha nyuma taratibu kwa mafuta, asiikaze hata nukta moja zaidi, kwa kuwa nati ikilazimishwa hula meno ya shingo, na meno yaliyolika hayana dawa ila uma mwingine. Kisha akafanya jambo sahali ambalo wengi hawalifikirii: vikombe vya Raleigh aliviacha ndani ya fremu, na kipande cha juu na nati akavitoa katika shingo ya baiskeli ya Kijapani, ambavyo ni vya hesi 24. Kanuni yake ni kwamba vikombe vifuate fremu, na chenye hesi kifuate uma. Illa kabla ya kufunga alizipanga gololi katikati ya vile vipande viwili vya kabila mbali mbali, akavizungusha mkononi huku amefumba macho, apate kuhisi kama zinatembea katika mfereji au zinapanda ukingoni.

Pete ya chini ndiyo iliyomtoa jasho. Kikalio chake katika uma wa Raleigh ni milimita 26.4, na katika uma wa Kijapani ni 27.0. Sehemu sita za kumi za milimita, yaani kama karatasi tatu za daftari kila upande, si kitu kwa seremala wa milango, bali hapa ni muhali: pete haishuki, na ukiipiga nyundo itapasuka, maana chuma chake kimetiwa ugumu wa moto hata tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Wako wanaoipasua makusudi, wakaikata ufa mmoja ili ipanuke na kukaa. Ufa huo hauna taksiri ikiwa beringi ni ile ya kisasa iliyofungwa yote pamoja katika ganda lake, kwa sababu gololi zake hazikanyagi pete. Lakini kwa gololi za kumwaga, kila moja itaangukia kwenye ule ufa kama gurudumu la mkokoteni kwenye mtaro, na usukani utakwaruza tangu siku ya kwanza.

Iliyo bora ni kutafuta pete ya 27.0 ambayo mfereji wake unapatana na kikombe cha Raleigh. Ikikosekana, kinachopunguzwa ni kikalio cha uma, kwa kuwa ni chuma laini, nacho hukerezwa kwa mashine mpaka kibaki kidogo tu juu ya 26.4, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, ili pete ishuke kwa kupigwa na isishuke kwa mkono. Tupa ya mkono siisifu katika kazi hii, hata mkononi mwa bingwa. Hula upande mmoja zaidi ya mwingine, pete ikakaa mrama, na baiskeli ikapata tabia ya kuvuta upande kama punda asiyetaka kurudi nyumbani.

Wako walio na kinyume cha shida hii, pete ya 27.0 juu ya kikalio cha 26.4. Hao hukata ukanda wa kopo la soda, ambao unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, wakauzungusha chini ya pete. Ukanda mmoja kwa ulegevu mdogo nimeuona ukidumu. Tabaka tatu, kama zitakiwavyo hapa, hubanwa na kusagika kila breki ishikwapo, na baada ya miezi michache shingo huanza kugonga. Wengine hutoboa kikalio vishimo vidogo kwa ncha ya chuma ili kivimbe. Hiyo ni kazi ya kumfikisha mtu nyumbani, si ya kumpeleka shambani kila siku.

Urefu wa shingo nao una neno lake. Ikizidi, huongezwa washa kati ya kipande cha juu na nati, na hapana aibu. Ikipungua, hata nati ikashika meno mawili matatu tu, uma huo na urudi rundoni, kwa kuwa nati iliyoning'inia hulegea njiani, na shingo iliyolegea humwangusha mtu kwa uso.

Baiskeli nyingi za siku hizi zimeziacha hesi za shingoni. Uma wake ni mlaini wa milimita 28.6, kikalio cha pete 30.0, na nyingine shingo yake hunenepa chini hata kikalio kikafika 39.8. Mwenye uma mwembamba na fremu ya aina hiyo nene huuziwa pete maalumu, ndogo ndani na kubwa nje, na kazi ikaisha bila tupa. Shingo ya kaboni isikwanguliwe kamwe, kwani nyuzi zake zikikatika hazitoi ishara kabla ya kuvunjika.

Turudi Tanga. Mzee alituma uma kwa jirani mwenye mashine ya kukereza, ukarudi alasiri uking'aa kikalioni. Aliipiga pete kwa kipande cha bomba, kidogo kidogo, akiusikiliza mlio mpaka ulipobadilika kutoka wa kengele kuwa wa jiwe, alama ya kuwa imekalia bega. Akajaza grisi, akapanga gololi, akafunga. Kisha akashika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole chake kimelala kwenye kiungo cha kikombe, akakaza nati robo mzunguko, akasukuma tena, akainyanyua mbele aone kama usukani unaanguka wenyewe kulia na kushoto. Ulianguka.

“Ipande siku tatu,” akamwambia kijana, “kisha uirudishe niikaze. Pete haijamaliza kukaa.”