Cheti cha Mama na Nukta 72

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niligusia kisa cha cheti cha mama, nikakimbia. Haya, leo namalizia.

Mama anaishi Brooklyn Park, kaskazini kidogo mwa Minneapolis. Cheti chake cha kuzaliwa cha Mombasa amekitunza kwenye kopo la biskuti tangu kabla sijazaliwa. Ofisi moja ilikitaka kwa mtandao. Mimi ndiye "mtoto wa kompyuta" wa familia, na nina kiprogramu changu cha Python kinachogeuza kurasa za PDF kuwa picha. Nikatuma. Jibu likarudi: hakisomeki.

Mama alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Kimezeeka, mwanangu, kama mimi." Akampigia mjomba Mombasa aende kufuatilia kingine. Mjomba mwenyewe anatembea na mkongojo, na foleni zile mnazijua.

Usiku nikafungua ile picha niliyotuma. Mhuri ulikuwa doa tu. Nikafungua PDF yenyewe: safi kabisa, hadi sahihi ya karani unaiona.

Kumbe kosa langu. Maktaba ya programu ninayotumia, PyMuPDF, usipoiambia kitu hutoa picha kwa nukta 72 kwa inchi, kwa sababu kipimo cha ndani cha PDF ni 1/72 ya inchi. Karatasi ya A4 inakuwa pikseli 595 kwa 842. Kuchungulia kwenye skrini, sawa. Kusoma mhuri wa zamani, wapi!

Dawa ni neno moja: get_pixmap(dpi=300). Sasa ukurasa ule ule una pikseli takriban 2480 kwa 3508, zaidi ya mara 17. Faili inakuwa nzito, na kama skani yenyewe ni hafifu, hutapata kisichokuwemo. Halafu msidhani maktaba zote ni sawa: pdf2image huanzia 200. Kwa hiyo nimeweka 300 kuwa chaguo-msingi la kiprogramu changu, mwanzoni kabisa, ili shangazi atakayeniletea karatasi kesho asitegemee kumbukumbu yangu.

Tulituma tena, kikapokelewa. Nikamwonyesha mama picha zote mbili. Akavaa miwani, akasoma jina la bibi polepole.

"Kumbe hakijazeeka."

"Hakijazeeka, mama. Ni mimi nilikiharibu."

Akacheka. "Basi mpigie mjomba wako wewe mwenyewe, umwombe radhi."

Nilipiga.