Saini Iliyolowa Maji ya Samaki

Fomu ya kweli ya chumba cha baridi huwa chafu. Ile ninayoikumbuka zaidi ilikuwa na gamba la sangara lililokaukia pembeni, wino umetawanyika kwa unyevu, na namba za nyuzi joto zinapanda na kushuka: hasi 18, hasi 19, hasi 17, kisha hasi 18 tena. Kando ya kila namba kulikuwa na saa na herufi mbili za jina la aliyeisoma. Penye hasi 17 aliongeza: mlango uliachwa wazi wakati wa kupakia, nimeufunga.

Katika kiwanda hichohicho cha minofu, kando ya Ziwa Victoria, niliona pia fomu safi kabisa. Wiki nzima hasi 18, kalamu moja, mwandiko mmoja, hata Jumatano ambayo umeme ulikatika usiku kucha. Ilijazwa Ijumaa jioni kwa kuwa mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu. Wenyewe waliita kupika fomu. Iliniuma, maana kijana aliyeijaza hakuwa mtu mbaya. Alifundishwa kwamba kinachotakiwa ni saini, basi akaziweka zote.

Kanuni za Marekani za usalama wa chakula zimelieleza jambo hili vizuri: iandikwe namba halisi iliyopimwa, iandikwe papo hapo kazi inapofanyika, kwa maandishi yasiyofutika, pamoja na tarehe na saini au herufi za mwanzo za jina la aliyefanya kazi hiyo. Kwa hiyo herufi mbili zinatosha. Ila Asha Musa na Ali Mussa wakiwa zamu moja, "A.M." haisemi kitu, ndiyo maana kiwanda makini huweka orodha ya majina na mfano wa saini ya kila mmoja. Kwenye kompyuta, neno la siri ndilo saini, na zamu nzima kutumia neno la siri la msimamizi ni kusainiana. Ukikosea, piga mstari mmoja, namba ya zamani isomeke, andika iliyo sahihi, weka saini na tarehe. Penseli na korekta zibaki nje ya mlango.

Kisha kuna saini ya pili, ya anayeipitia fomu. Ni vizuri asiwe yuleyule aliyepima.

Haya si makaratasi tu. Kampuni ya Marekani ya Peanut Corporation of America ilituma karanga pamoja na vyeti vya maabara vya uongo. Katika mlipuko wa salmonella wa 2008 na 2009 watu zaidi ya 700 waliugua na 9 wakafa. Mwaka 2015 mkuu wake, Stewart Parnell, alihukumiwa kifungo cha miaka 28. Na soko likikosa imani, wengi huumia: sisi wa ziwani tunaukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wetu kwa hofu ya uvuvi wa sumu, na vibarua wakarudishwa nyumbani.

Fomu ile chafu ilikuwa na kisanduku kimoja kisicho na namba, cha saa 8 usiku. Mpimaji aliandika: sikupima, nilimpeleka mkata minofu aliyejikata kisu. Akaweka herufi zake. Asubuhi msimamizi alipima upya, akaandika hasi 18 na saa yake, akasaini chini.