Lita Moja ya Petroli, Uniti Tatu za Umeme

Ukizunguka kwenye yadi za magari ya mtumba jijini Nairobi siku hizi, utakuta Nissan Leaf imeegeshwa kando ya Toyota Vitz, zote zimeshushwa Mombasa kutoka Japani. Mnunuzi huuliza mambo mawili: inakula kiasi gani, na itanifikisha wapi. La kwanza lina jibu rahisi, hata bei zikipanda na kushuka.

Vitz isiyo na hitilafu huenda takriban kilomita 15 kwa lita moja. Leaf hukata umbali huo kwa uniti tatu hivi, zilezile unazonunua kwa tokeni nyumbani. Kwa hiyo chukua bei ya lita kwenye kituo chako leo, uiweke kando ya bei ya uniti tatu. Hata kila uniti ikikugharimu shilingi 30, zote ni shilingi 90.

Siri iko ndani ya injini. Lita ya petroli ina nishati inayokaribia uniti tisa, lakini injini hutumia kama robo yake tu kusukuma magurudumu. Iliyobaki hupotea kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 85 ya umeme inaoupokea kuwa mwendo. Isitoshe, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ndogo isiyo na tabo hupungukiwa na nguvu kwa kukosa oksijeni ya kutosha. Mota haihitaji hewa. Na ukiteremka Mai Mahiu, hugeuka jenereta na kurudisha chaji kidogo kwenye betri (kupanda wakati wa kurudi ni shughuli nyingine, chaji huisha ukiitazama).

Tuje kwenye afya. Moshi wa petroli una monoksidi ya kaboni, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Una oksidi za nitrojeni, zinazochokoza mapafu ya wenye pumu, na benzini, inayoweza kuleta saratani ya damu. Pia kuna chembe ndogo mno zinazopenya mapafu na kuingia kwenye damu. Sehemu kubwa ya sumu hizi hupunguzwa na katalisti, kopo la chuma lililo kwenye bomba la moshi. Lakini katalisti haifanyi kazi vizuri kabla ya kupata joto la nyuzi 300 hivi. Mwendo mfupi wa asubuhi wa kumpeleka mtoto shuleni, gari likiwa bado baridi, ndio wenye moshi mchafu kuliko wote. Tena ndani ya kopo hilo mna platinamu na paladi, madini ya thamani, ndiyo maana magari mengi ya mtumba yanazunguka barani kwetu yakiwa yamekwisha kung'olewa katalisti.

Hapa watangazaji wa magari ya umeme huteleza kidogo. Ukinunua Leaf, wewe mwenyewe hupumui hewa safi zaidi: ukiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, moshi wa dizeli wa matatu iliyo mbele yako unaingia garini vilevile. Anayenufaika ni mama anayechoma mahindi kando ya barabara, na mwendesha boda aliye nyuma yako. Kwa mapafu yako mwenyewe, kubadilisha kichujio cha hewa ya ndani na kufunga tundu la hewa ya nje unapokwama kutakusaidia zaidi ya aina ya gari. Vumbi la matairi nalo halikwepeki, maana Leaf ina uzito wa tani moja na nusu, nusu tani zaidi ya Vitz, ingawa breki zake hulika polepole.

Kuhusu kaboni, Kenya ina bahati. Karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Ila betri nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, Kolwezi na maeneo ya jirani, ambako wachimbaji wadogo huvuta vumbi lake. Betri za fosfati ya chuma hazina madini hayo, na ukiweza kuzipata, zichukue.

Sasa swali la pili, la umbali, ambalo ndilo huwaponza wengi. Leaf ya betri ya uniti 40 ikiwa mpya huenda kama kilomita 240. Ya mtumba si mpya, na betri yake haina mfumo wa kuipoza, kwa hiyo joto huila. Baridi ya Nairobi inaifaa kuliko jua la Mombasa. Kwenye dashibodi, pembeni mwa geji ya chaji, kuna vijistari 12. Kikikosekana kimoja, betri imepoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake. Usiishie hapo, maana wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili vijistari vyote virudi kwa muda. Omba gari lichajiwe hadi lijae, uliendeshe nusu siku, uone chaji inavyoshuka.

Kisha angalia unapolaza gari. Soketi ya kawaida ukutani humpa mtu wa kilomita 40 kwa siku chaji yake yote kwa saa tatu au nne za usiku. Kama una geti lako na soketi yako, na safari zako ni za mjini, mimi ningechukua Leaf. Kama umepanga ghorofa ya nne na gari linalala barabarani, au kila mwezi unakwenda Kisumu, bado petroli ndiyo itakayokufaa. Lakini kabla ya kulipa, mwombe fundi alipandishe gari kwenye jeki akuonyeshe katalisti ilipo. Akikuonyesha bomba tupu lililochomelewa, nenda kwenye yadi nyingine.