Wagonjwa Waliotoweka Katika Orodha

Asubuhi moja katika kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, niliomba orodha ya wagonjwa wetu wote pamoja na majibu yao ya wingi wa virusi kwa miezi 12 iliyopita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kipimo hicho kifanyike mwezi wa 6 na wa 12 tangu mgonjwa aanze dawa, kisha kila mwaka kwa aliye imara. Orodha ilikuja upesi, nayo ilipendeza kupita kiasi: kila jina lilikuwa na jibu lake. Muuguzi ndiye aliyeshtuka. "Daktari, mbona yule mama muuza mchicha simwoni?" Mama huyo hakuwa amepimwa kwa zaidi ya mwaka, na hakuwa peke yake.

Yafaa msomaji ajue jinsi kumbukumbu zake zinavyotunzwa. Katika hifadhidata, mgonjwa na vipimo vyake havikai pamoja. Jedwali moja lina majina, jingine lina majibu, na namba ya mgonjwa ndiyo uzi unaoyashona. OpenMRS, mfumo ulioanza mwaka 2004 na ambao chimbuko lake linahusisha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, hutunza kumbukumbu kwa namna hiyo. Kati ya mfumo huo na majedwali yake ipo programu-kati iitwayo Hibernate, ambayo humwezesha mtayarishaji kusema "mgonjwa na vipimo vyake" pasipo kuandika upya kila mara jinsi majedwali yanavyounganishwa.

Lakini swali la daktari lina sehemu isiyotulia, nayo ni tarehe. Leo nataka majibu ya mwaka mzima, kesho ya miezi sita. Kwa hiyo katika maelezo ya unganisho huachwa nafasi yenye jina, kwa mfano :tarehe, na thamani yake hutolewa wakati swali linapoulizwa. Thamani hiyo hupelekwa peke yake, haigandishwi ndani ya maneno ya swali. Waliowahi kuona mfumo ukikwama kwa sababu mgonjwa anaitwa Ng'wandu, na alama ile ya juu ikadhaniwa kuwa mwisho wa maneno, watauthamini utaratibu huu. Hibernate huruhusu pia kichujio kilichotangazwa mara moja, kikawashwa kwa thamani inayotakiwa katika kikao kimoja cha kazi. Kwa kawaida huwa kimezimwa. Asiyekumbuka kukiwasha hupata majibu ya miaka yote.

Kosa letu lilikuwa mahali ilipowekwa tarehe. Ikiwa ndani ya sharti la unganisho, mfumo huleta kila mgonjwa, na asiye na jibu la karibuni hubaki na nafasi tupu mbele ya jina lake. Ikiwekwa nje, kama sharti la orodha nzima baada ya majedwali kuunganishwa, nafasi tupu hulinganishwa na tarehe, nayo haina tarehe ya kulinganisha. Mstari mzima huondolewa, pamoja na jina. Hakuna onyo lolote linalotolewa, maana kwa mashine swali limejibiwa sawasawa. Hivyo tuliowahitaji zaidi ndio waliofutwa.

Kijana wa TEHAMA alihamisha sharti moja tu. Kazi haikumchukua nusu saa. Tangu siku hiyo, kabla ya kusoma orodha yoyote, nahesabu kwanza majina (si mistari, maana mgonjwa mmoja aweza kuwa na vipimo viwili) na kulinganisha na idadi iliyo katika rejesta. Nawe mgonjwa, usiposikia lolote kuhusu kipimo chako cha mwaka, usidhani kwamba ukimya ni jibu zuri. Uliza dirishani.

Orodha mpya ilikuwa na nafasi nyingi tupu. Muuguzi aliichukua, akavuta simu ya kliniki, akaanza na yule mama.