Ukifungua Furushi la Faili, Angalia Ruhusa



Tukiweka daftari la mikopo kwenye kompyuta ya pamoja ya Linux, katibu hufunga faili kwa programu ya tar, kama vile tunavyofunga mahindi guniani. Sasa tujue hivi: kila faili huingia na ruhusa zake, yaani nani asome na nani aandike.

Mtumiaji wa kawaida akifungua furushi, kompyuta hupunguza ruhusa kwa kipimo kiitwacho umask. Kikiwa 022, faili ya 666 hutoka 644: mwenyewe anaandika, wengine wanasoma tu. Lakini msimamizi mkuu, root, akifungua, ruhusa zinarudi vile zilivyofungwa. Hapo mwenye kuingia kwenye kompyuta hiyo anaweza kujifutia deni!

Hata 644 haitoshi. Deni la mama fulani si habari ya kijiji kizima. Basi tukishafungua:

1. Tuandike ls -l, tuone ruhusa.
2. Tuandike chmod 600 na jina la faili, ili mwenyewe pekee asome na kuandika.
3. Tusifungue kwa root bila sababu.

Pesa ni ya kikundi, lakini siri ya mwanachama ni amana. Tuitunze.