Uzi: Kabla ya kushangilia au kupinga nyongeza ya kodi ya ardhi mjini

1/ Kila kaunti ikileta mswada wa fedha, kelele ni zilezile. Mmoja anasema "mji haujengwi kwa maombi, lipeni." Mwingine anasema "mnatunyonya." Mimi nasoma sayansi ya siasa na upande wangu nausema mapema: napinga nyongeza. Lakini kwanza tuelewane tunabishania nini.

2/ Kodi ya ardhi, ile watu wanaita reti, hulipwa kaunti kila mwaka. Kifungu cha 209(3) cha Katiba ndicho kinaipa kaunti nguvu ya kuitoza. Usiichanganye na kodi ya pango, ambayo mwenye ardhi ya kukodishwa hulipa serikali kuu.

3/ Hesabu ni thamani ya ploti mara kiwango. Nairobi ilikaa karibu miaka 40 na daftari la thamani la mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ikafika kutoza 34% ya thamani hiyo ya kale. Thamani mpya zilipoletwa, kiwango kikashuka hadi 0.115%. Ploti ya milioni 20 hapo ni Sh23,000 kwa mwaka. Kwa hivyo ukiambiwa "tumeshusha asilimia," uliza: na thamani je? Asilimia inaweza kushuka na bili ikapanda.

4/ Shida yangu ya kwanza: kodi hii haiulizi unapata ngapi. Shosho wangu anaishi kwa ploti waliyonunua na guka wakati pale palikuwa mahindi matupu. Lami ikaja, magorofa yakaja, thamani ikapaa. Kipato chake ni vyumba vitatu vya kupangisha na kuku. Huo utajiri uko kwa karatasi. Ili aushike mkononi, lazima auze mahali analala.

5/ "Si walipe wenye ploti!" Sawa, lakini bili ilipopanda mwaka jana, shosho alinipa kalamu nimwandikie notisi ya wapangaji: mia tatu zaidi kila chumba. Mmoja wao ni mama mboga. Hana hata futi moja ya ardhi, lakini reti amelipa.

6/ Ya pili ni matumizi. Sheria inataka angalau 30% ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na kanuni zinataka mishahara isizidi 35% ya mapato. Soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti uone ni kaunti ngapi hukosa viwango hivyo, na madeni ya wakandarasi yalivyorundikana. Taa ya barabarani mbele ya kwa shosho haijawaka tangu nikiwa fomu tatu.

7/ Upande wa pili nao una hoja. Kaunti isiyo na mapato yake hukaa ikingoja mgao wa Hazina ya Kitaifa, na ukichelewa, mishahara na dawa hospitalini zinakwama. Pia kuna watu wameshikilia ardhi tupu katikati ya mji wakingoja bei ipande. Hao wabanwe, sina neno.

8/ Lakini anza na wasiolipa. Wadaiwa ni wengi, zikiwemo taasisi za umma. Kila baada ya muda kaunti hutangaza msamaha wa riba kwa waliochelewa. Shosho, anayelipa kwa wakati, hasamehewi kitu kwa sababu hadaiwi. Halafu nyongeza ikija, ndiye wa kwanza kuilipa. Huko ni kumwongezea mzigo punda anayetembea.

9/ Kifungu cha 201 kinataka uwazi, ushirikishaji wa umma na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Ukienda kikao cha maoni, beba maswali matatu:
– Wadaiwa wakubwa ni nani, na mmewafanya nini?
– Reti za mwaka jana zilikuwa ngapi, na zilifanya kazi gani katika wadi hii?
– Mzee anayeishi kwa ploti yake bila mshahara ana nafuu gani?

10/ Bunge la kaunti hupaswa kupitisha mswada wa fedha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha ule wa matumizi. Maoni hukusanywa kabla ya hapo, mara nyingi siku ya kazi asubuhi, viti vikiwa vitupu. Mimi nitaenda na risiti za shosho. Wewe kwenu bili imepanda kwa ngapi?